Hesabu Si za Wanaume Peke Yao: Funzo la Profesa wa Tengeru kwa Mabibi Harusi Wetu



Kila msimu wa harusi unapokaribia, hasa Mfungo Mosi baada ya Ramadhani, maswali mnayotuletea ni yale yale: shela iwe ya rangi gani, lesi inunuliwe wapi, gauni la siku ya akidi liwe na mshono gani na la walima mshono gani. Tunayapenda maswali hayo, ndiyo riziki yetu. Lakini leo tunaomba tuyaweke kando tuzungumze jambo ambalo sisi wanawake wa visiwani tulioweka cherehani zetu Arusha tunaliona mara kwa mara, nalo linatuuma. Ni ile kauli ya kwamba hesabu si za wanawake.

Kauli hii hawaisemi wanaume tu. Mama humwambia binti yake, "Usijisumbue, hata mimi hesabu zilinishinda." Shangazi naye huongeza, "Kwani jikoni utahesabu nini?" Mtoto akisikia hivyo tangu darasa la tatu, anapofika kidato cha pili keshakubali. Anapofeli kidato cha nne, analetwa kwetu mafundi na kuambiwa, "Mfundisheni kushona, huyu kichwa chake hakina hesabu." Kana kwamba cherehani haina hesabu!

Maoni yetu tunayasema wazi. Mtoto wa kike hazaliwi na upungufu wa hesabu. Anakatwa njiani, na mara nyingi mkasi tunaushika sisi wenyewe: nyumbani kwa maneno, na katika posa kwa haraka. Tukitaka ushahidi hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa hapa chini ya Mlima Meru kuna mfano.

Aliyetoka Bukoba

Ukipanda daladala Arusha mjini kufuata barabara ya Moshi, kabla ya kufika Usa River utapita Tengeru. Wengi wanapajua kwa soko lake, ndizi, mboga na mitumba. Lakini Tengeru ndiko iliko pia Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, chuo cha wanaosomea shahada za juu. Mwaka 2018 alikuja kufundisha hapo Profesa Verdiana Grace Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, ile inayompa mtu cheo cha Daktari.

Alizaliwa Bukoba tarehe 12 Oktoba 1954, akiitwa Verdiana Grace Kashaga. Nchi ilikuwa bado Tanganyika chini ya Waingereza. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 alikuwa mtoto wa miaka 7. Wakati huo nafasi za sekondari zilikuwa chache hata kwa wavulana, na kwa wasichana zilikuwa chache zaidi. Yeye alisoma Sekondari ya Wasichana ya Jangwani, Dar es Salaam.

Tuipime safari hiyo kidogo, maana siku hizi tunazoea ndege na mabasi ya lami. Mtu wa Bukoba aliyekwenda Dar es Salaam miaka ile alivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, kisha akapanda treni ipitayo Tabora na Dodoma mpaka pwani. Ni safari ya siku kadhaa, na mtoto akiondoka alikuwa ameondoka. Kwa nyumba yoyote ya kule, kumruhusu binti asome mbali kiasi hicho haukuwa uamuzi mdogo.

Kutoka Jangwani aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kilichokuwa kimepata hadhi yake kamili mwaka 1970 tu. Mwaka 1976 alimaliza shahada ya hisabati na fizikia. Mwaka 1981 akamaliza shahada ya uzamili hapo hapo. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, katika ile Berlin ya Magharibi iliyokuwa imezungushiwa ukuta. Huko akapata shahada nyingine ya uzamili, ya fizikia, na mwaka 1986 akamaliza uzamivu.

Angalieni miaka hiyo: 1976, 1981, 1986. Kuna miaka 5 katikati ya kila hatua. Alipomaliza ya mwisho alikuwa ameshavuka miaka 30, umri ambao kwetu dada mtu huambiwa "umeshachelewa, kaa utulie". Kwetu sisi hilo ndilo funzo kubwa kuliko vyeti vyenyewe. Elimu yake haikwenda kwa pupa, lakini hakuna hatua iliyokatwa. Kungekuwa na mtu mmoja wa kusema "inatosha sasa" mwaka 1976, na akasikilizwa, asingefika Berlin.

Uji, sosi na maji ya Meru

Mtauliza, alisomea hesabu za nini hasa? Alisomea hesabu za vitu vinavyotiririka. Utafiti wake wa uzamili na wa uzamivu ulihusu namna vimiminika vya aina ya pekee vinavyopita ndani ya bomba la duara.

Tulielezee kwa lugha ya jikoni. Maji yana tabia moja, ni mepesi yakiwa yametulia na mepesi ukiyakoroga. Lakini si kila kimiminika kiko hivyo. Chukua chupa ya sosi ya nyanya. Ukiiinamisha haitoki kitu, ukiitikisa kwa nguvu inamwagika yote kwenye chipsi. Ukikoroga wanga mzito uliochanganywa na maji, kadiri unavyokwenda haraka ndivyo unavyozidi kukaza. Rangi za ukutani, tope, hata damu mwilini, zina tabia zake. Mhandisi anayetaka kusukuma vitu hivyo ndani ya bomba hawezi kukisia. Anahitaji mtu wa kumpigia hesabu kwanza, na hiyo ndiyo kazi aliyoisomea binti wa Bukoba.

Sasa tazama alikokuja kufundisha. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na maisha ya watu wa miteremko yake yanategemea maji yanayoshuka kutoka juu. Wameru na Waarusha wamechimba mifereji ya kumwagilia migomba na kahawa tangu enzi za mababu, wakijua wapi maji yakate kona na wapi yatulie. Wengi wao hawakwenda skuli, lakini mteremko waliujua kwa macho na mikono.

Na maji hayo hayo yana tatizo ambalo kila mpambaji wa Arusha amekutana nalo. Upande wa Maji ya Chai, Ngurdoto na vijiji vingine vya mlima huu, maji yana madini ya floridi kwa wingi. Mtoto akiyanywa miaka ambayo meno yake yanajengeka, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia, na floridi ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Tumewavisha mabibi harusi wazuri kabisa, wamepambwa wakapambika, lakini ikifika wakati wa picha wanafumba midomo. Madoa hayo si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, ni maji ya utotoni. Nani atayapima maji hayo, atahesabu kiasi cha madini, atabuni chujio ambalo mama wa kijijini anaweza kulinunua? Ni mtu aliyefundishwa kupima na kuhesabu. Kwa nini asiwe binti aliyezaliwa hapo hapo, anayejua uchungu wa kufumba mdomo siku ya harusi yake?

"Lakini huyo si mwenzetu"

Tunajua kuna ukhti atasema: jina lake ni la Kikristo, sisi tuna dini yetu na stara yetu, mfano wake unatuhusu nini?

Unatuhusu kama unavyotuhusu mfano wa jirani mwema. Lakini kama unataka mifano ya nyumbani, ipo tele.

Imepokewa kwamba masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea Bibi Aisha (r.a.) kumuuliza mambo ya mirathi. Na mirathi ni hesabu ya mafungu. Baghdad katika karne ya 10 aliishi Sutayta, binti wa kadhi wa ukoo wa Mahamili, aliyesifika kwa fiqhi na kwa hesabu za mirathi, akafariki mwaka 377 Hijria, sawa na 987 Miladia. Al-Khwarizmi, mtu wa mji huo huo karne moja na zaidi kabla yake, ndiye aliyeandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya wasia na mirathi. Kwa hiyo aljebra inayowaliza watoto wetu kidato cha kwanza ililelewa na mahitaji ya familia za Kiislamu kugawana kwa haki.

Na katika zama zetu kuna Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran, Iran, mwaka 1977. Utotoni alipenda hadithi na alitaka kuwa mwandishi. Mwaka wake wa kwanza wa skuli ya kati alifanya vibaya katika hesabu, na mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji. Moyo ulimvunjika. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine aliyemtia moyo, akainuka. Skuli yake ilikuwa ya wasichana watupu, na mkuu wa skuli alikuwa mwanamke aliyehakikisha wanafunzi wake wanapata mafunzo ya maswali magumu kama waliyopata wavulana. Mwaka 1994 na 1995 Maryam alishinda medali za dhahabu katika mashindano ya hisabati ya vijana wa dunia. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, heshima kubwa mno katika hisabati. Alifariki mwaka 2017 kwa saratani, akiwa na miaka 40, ameacha mume na binti mmoja.

Fikirini mwaka ule mmoja mbaya. Kama nyumbani wangesema "hesabu zimemshinda, mpelekeni kwa fundi", dunia isingemjua. Wangapi wetu tumefunga kitabu cha mtoto kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya na mwalimu mmoja mkali?

Hesabu ambazo mke Muislamu hawezi kuzikwepa

Tuache maprofesa. Tuseme binti yako hatakuwa profesa, ataolewa na kukaa nyumbani kwa hiari yake, na hilo halina aibu. Bado hesabu zitamfuata.

Mume akifariki akaacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, wazazi wake wakiwa wameshatangulia, na mali iliyobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni shilingi 80,000,000, mke anapata thumuni, yaani 1/8, ambayo ni 10,000,000. Zinabaki 70,000,000. Mtoto wa kiume huhesabiwa mafungu mawili na kila wa kike fungu moja, jumla mafungu manne. Kila fungu ni 17,500,000. Kila binti anapata 17,500,000 na kaka yao 35,000,000. Mafungu haya yamewekwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, wala si hisani ya mashemeji. Lakini mjane asiyejua thumuni ni nini ataletewa shilingi 4,000,000 ndani ya bahasha, ataambiwa "hiyo ndiyo haki yako", naye atashukuru huku akilia.

Mwanamke mwenye duka, bidhaa zake na fedha zake zikishafika nisabu na kutimiza mwaka, anatoa fungu moja katika 40. Mwenye thamani ya shilingi 40,000,000 anatoa 1,000,000. Akikosea kwa kupunguza, amezuia haki ya maskini. Mahari nayo ni yako, bibi harusi, si ya baba wala ya mjomba, na ikiwa nusu imetangulizwa na nusu imebaki deni, ni wewe wa kujua imebaki kiasi gani.

Na kwa wanaoletwa kwetu kwa sababu "hesabu zimewashinda", wasikilize. Bibi harusi anataka gauni la kloshi kamili, kiuno inchi 28, urefu kutoka kiunoni inchi 40. Fundi anagawa 28 kwa 6.28, anapata karibu inchi 4 na nusu, hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Anaongeza 40, anapata 44 na nusu. Anazidisha kwa 6.28, anapata karibu inchi 280. Hilo ni zunguko la pindo, mita 7 na ushei. Mwenye harusi akija na lesi ya mita 5 ya kuzungushia pindo, anamwambia mapema kwamba haitatosha, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Hiyo namba 6.28 ni mara mbili ya ile pai ya ubaoni. Tumeona wasichana waliopata sifuri ya hesabu skuli wakiifanya hesabu hii kwa wiki mbili tu, kwa sababu safari hii hakuna aliyewacheka. Kichwa walikuwa nacho tangu mwanzo.

Hatupingi ndoa

Tusieleweke vibaya. Ndoa ni sunna na sisi tunakula kwa harusi. Hatusemi binti asubiri mpaka awe profesa ndipo apokee posa. Tunasema posa isiwe mkasi.

Bara sheria iko wazi kuhusu wadogo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yamekataza kumwoa au kumwoza mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kifungo chake ni miaka 30. Lakini sheria haimlindi yule aliyemaliza kidato cha sita akapata nafasi ya chuo, kisha wiki ya kupimwa gauni akatuambia, "Chuo nitamalizia baadaye, mchumba amesema tutaangalia." Neno "tutaangalia" tumelisikia mara nyingi. Halina tarehe, halina ada, halina mtu wa kukaa na mtoto. Halijawa ahadi bado.

Wala hatuwatupii lawama akina mama peke yao. Kila mwaka hisabati ndiyo somo linalofelisha watoto wengi wa kidato cha nne nchini, wavulana kwa wasichana. Walimu wa somo hili ni haba, madarasa yamejaa, na mtoto wa kike anayetoka skuli akakuta ndoo na sufuria zinamngoja hana saa ya kujisomea sawa na kaka yake. Profesa Masanja mwenyewe hakuishia kwenye mabomba. Amekuwa mratibu wa Tanzania wa mradi wa Afrika wa elimu ya wasichana katika hisabati na sayansi, na ameandika kuhusu ushiriki wa wanawake katika masomo hayo. Aliyepita njia hiyo anajua miiba iko wapi.

Visiwani hatuna sababu ya kurudi nyuma. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar, na bibi zetu wengi waliingia darasani kwa tangazo lile. Itakuwa ajabu bibi afunguliwe mlango na serikali, mjukuu afungiwe na mama yake.

Tufanye nini, basi?

Kwanza, tufunge midomo yetu. Mama, hata kama hesabu zilikusumbua, usimwambie mtoto wa kike. Mwambie, "Tulifanye pamoja, nami nijifunze." Mpe hesabu za kweli: agawe mchele wa biriani ya wageni 200, apime kitambaa cha mapazia, ahesabu fedha za kikoba. Na kaka yake aoshe vyombo jioni moja ili naye apate saa ya kitabu.

Pili, mtoto akianguka mwaka mmoja, tutafute mwalimu mwingine kabla ya kutafuta kazi nyingine. Ada ya masomo ya ziada ya miezi kadhaa huwa ndogo kuliko gharama ya sare za singo na hina za harusi moja.

Tatu, bibi harusi, kama unasoma au unataka kusoma, liseme kabla ya akidi, mbele ya walii wako na wazee wa pande zote. Mtume (s.a.w.) amehimiza sana masharti ya ndoa yatimizwe. Muulize shehe au kadhi wenu namna sahihi ya kuliweka sharti hilo, liandikwe: chuo gani, kuanzia lini, ada atatoa nani. Mwanamume mwema halikimbii jambo hilo. Akilikimbia, ni heri ujue sasa kuliko baada ya fungate.

Nne, masomo na makungwi wetu. Mnawafundisha mabibi harusi mengi na tunawaheshimu. Tunaomba ongezeni darsa moja: mahari yake, akiba yake, zaka yake, thumuni na robo yake. Mwari akitoka ndani anajua kufukiza udi lakini hajui haki yake katika urithi, hajawa tayari kuolewa.

Tano, vikundi vyetu vya kufundana na kuchangiana. Seti ya tano ya vyombo itakaa kabatini mpaka ishike vumbi. Bahasha ya ada ya muhula mmoja ni zawadi ambayo bibi harusi hataisahau.

Sisi tutaendelea kushona. Tutawashonea shela zenu kwa mapenzi na tutapima kiuno na pindo bila kukosea, inshaallah. Lakini kuanzia msimu huu, kila bibi harusi atakayekuja kupimwa tutamuuliza maswali mawili pamoja na yale ya rangi na lesi: umefikia wapi na masomo, na umekubaliana nini na mwenzio kuhusu kuyamaliza? Atakayekuwa na jibu, tutamwombea. Atakayekosa, tutamwomba akazungumze na walii wake kabla hatujakata kitambaa.

Amri ya kwanza iliyoteremshwa kwa Mtume wetu ilikuwa ni kusoma, na haikusema wanaume tu. Allah awazidishie mabinti zetu elimu yenye manufaa, awape waume watakaowashika mkono na si kuwafunga mikono, na atujaalie sisi mama na mashangazi ulimi wa kuinua. Amin.